Kabati ya milango ao etajeri ya wazi?



Mara hii tunaingia jikoni. Bwana na bibi wa upande wa Misisi wametuletea ulizo. Wamepata franga kidogo kutoka shimoni, na wanajenga upya jiko lao kwa matofali ya kuchoma. Ukuta umefika kwenye dirisha. Bwana anataka kabati kubwa ya juu, yenye milango na kufuli. Bibi anataka etajeri ya wazi, mbao tatu tu ukutani, ili kila chombo kionekane na mkono ukifikie upesi. Wamebishana juma mbili. Fundi anangoja jibu, na franga zinaendelea kupungua.

Usicheke, msomaji. Wengine walipigana kwa jambo dogo kuliko hilo. Tena si jambo dogo. Jikoni ndipo chakula cha watoto kinapokaa, na mara nyingine sumu nayo inakaa hapo hapo. Basi tutazame pole pole.

Kwanza tuondoe kiburi. Wengine wanasema kabati ni ya watu wa maendeleo, na etajeri ni ya watu wa kijiji. Si kweli. Babu na bibi zetu walikuwa na kichanja juu ya moto. Hapo walikausha mahindi na samaki, na moshi ulifukuza wadudu. Kule pwani ya bahari walikuwa na susu, yaani kamba iliyosukwa na kuning'inizwa darini, ili chakula kisifikiwe na panya wala paka. Katika nyumba za mawe za Lamu, zile za miaka 1700 na kitu, wenye mali walijenga zidaka, vyumba vidogo ndani ya ukuta wenyewe, wakapanga humo sahani na bakuli kutoka China. Jirani zetu wa Rwanda walikuwa na uruhimbi, mahali pa heshima pa kuweka vyombo vya maziwa. Hayo yote yalikuwa wazi, bila mlango, na watu wake hawakuwa wajinga.

Jiko lenye makabati yaliyopangwa kwa kipimo lilipata sifa kule Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926. Mwanamke mmoja mchora nyumba, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko dogo la karibu metre 1,90 kwa 3,40, na likawekwa katika nyumba zipatazo 10.000 za wafanyakazi. Hakutafuta urembo. Alihesabu hatua za mama, toka kwenye moto mpaka kwenye maji, toka kwenye maji mpaka kwenye vyombo, akataka zipungue. Unga aliuwekea sanduku la mti wa mwaloni, kwa sababu mti ule unasumbua wadudu wa unga. Mkubwa wake wa kazi, Ernst May, alikuja Tanganyika mwaka 1934, na baadaye akachora jengo la Makumbusho ya Uganda pale Kampala. Kwa hiyo hata wale wenye makabati walianza kwa kuuliza: mama anatembea namna gani, na chakula kinaharibika namna gani? Sisi nasi tuulize hivyo hivyo.

ULIZO LA KWANZA: MOSHI UNAKWENDA WAPI?

Ukipika kwa kuni ao kwa makala juu ya mbabula, na jiko halina njia ya moshi, sahani ya etajeri itakuwa nyeusi kabla ya juma kwisha. Mama ataosha mara mbili: baada ya kula na kabla ya kula. Hapo kabati ya milango inasaidia.

Lakini usiishie hapo. Ule moshi unaopaka sahani masizi unaingia pia kifuani mwa mama na mwa mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani (OMS) lilihesabu kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu karibu milioni 3,2 duniani. Ukinunua kabati ili kuficha sahani, na mama akabaki ndani ya moshi, umelinda vyombo ukasahau mtu. Kwanza toboa dirisha la pili mkabala na la kwanza, ao jenga bomba la matofali. Moshi ukishatoka, etajeri inawezekana.

ULIZO LA PILI: UKUTA WAKO UNAWEZA KUBEBA KIASI GANI?

Hapa wengi wanadanganyika na picha za majiko ya Ulaya. Tupige hesabu. Kabati ya juu yenye urefu wa metre 2, kimo cha sentimita 70, na kina cha sentimita 30, inahitaji mbao za chini na za juu, ubao wa kati, pembeni mbili na kigawanyo kimoja, mgongo, na milango minne. Jumla ni kama metre carrée 5,2. Ikiwa ni mti mgumu kama mvule, unene sentimita 2, kabati hiyo peke yake inapita kilo 60, bila hata kikombe kimoja. Ni zaidi ya mfuko wa simenti, na ninyi mnautundika juu ya kichwa cha mama.

Ukuta wa matofali ya kuchoma yaliyofungwa kwa simenti unaweza kuubeba, kama fundi ametumia visi ndefu na ubao wa kushikilia chini yake. Ukuta wa matofali mabichi, ao wa miti na udongo, hapana. Udongo unakaushwa na joto la moto, msumari unalegea kidogo kidogo, na siku moja kabati inashuka.

Tena tukumbuke mahali Mungu alipotuweka. Tunakaa ndani ya Bonde la Ufa, kando ya ziwa lenye kina cha metre 1.470, na ardhi yetu haijamaliza kutembea. Tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka 2005 tetemeko la kipimo cha 6,8 lilipiga Tanganyika, na nyumba zikaanguka Kalemie. Tarehe 3 mwezi wa 2 mwaka 2008 lilikuja lingine upande wa Bukavu na Rwanda, kipimo 5,9, likaua watu. Katika tetemeko etajeri inamwaga sahani, lakini kabati iliyofungwa vibaya inajimwaga yenyewe, yote kwa mara moja.

Basi shika kanuni hii: vizito chini, vyepesi juu. Sufuria za chuma, kinu, mawe ya kusagia na bidoni za mafuta zikae chini. Juu viwe vikombe, sahani za bati na vikapu. Etajeri iwe na kipande cha ubao cha kimo cha vidole viwili mbele, ili chombo kisiteleze. Na chochote cha juu kisipite pale mkono wa mama unapofika bila kupanda kiti.

Kwa wale wa kando ya ziwa kuko neno jingine. Mwaka 2021 na tena 2024 Tanganyika ilipanda ikaingia majumbani mwa watu, Bujumbura, Uvira na Kalemie. Kama nyumba yako iko karibu na maji, unga na chumvi visikae chini kabisa. Kwako wewe, ubao wa juu si urembo.

ULIZO LA TATU: NI KITU GANI UTAWEKA NDANI?

Watu wanasema «vyombo», kana kwamba vyote ni ndugu. Sivyo.

Sahani na vikombe vinataka hewa. Ukivifungia vikiwa na maji, kabati inakuwa nyumba ya mende, na mende anatoka chooni kabla ya kutembea juu ya kijiko. Kwenye mwambao wetu, Uvira, Baraka mpaka Kalemie, kolera imekuwa ikirudi mara kwa mara. Kwa hiyo, uwe na kabati ao etajeri, usiache kichanja cha nje, pale vyombo vinapokauka juani. Kichanja ni miti minne na fito, hakigharimu hata franga moja, na ni cha kwanza kabla ya hayo mengine yote.

Ndagala zilizokauka, unga wa muhogo, mahindi na kalanga vinataka hewa pia, lakini havitaki panya, nzi wala unyevu. Hapa kabati iliyofungwa kabisa inaweza kuharibu. Mahindi ao kalanga zikifungiwa mbichi mbichi, kuvu inaota, na kuvu ile inatoa sumu ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 huko Kenya, sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye kuvu, na 125 wakafa. Hawakula takataka. Walikula mahindi ya nyumbani yaliyowekwa na unyevu.

Kwa chakula cha namna hii kuko njia ya tatu, na wazee wetu waliokaa misioni wanaijua: kabati yenye milango ya wavu wa chuma, ile wengine wanaita gardimanje. Fremu ni ya mbao, milango na pembeni ni wavu. Hewa inapita, nzi hapiti, panya hapiti. Simamisha miguu yake minne ndani ya vikopo vyenye maji, na sisimizi naye atarudi nyuma. Kama wavu ni bei, anza na mlango mmoja.

ULIZO LA NNE: NI KITU GANI KINAWEZA KUUA?

Ninyi mnaokaa karibu na machimbo, someni sehemu hii mara mbili.

Jikoni mwetu mnaingia chupa ambazo si za jikoni. Petroli ndani ya chupa ya limonadi. Dawa ya panya ndani ya karatasi, karibu na chumvi. Soda ya kupikia sabuni. Na katika nyumba nyingine, zebaki ya kukamatia dhahabu, ndani ya kichupa kidogo chenye kung'aa ambacho mtoto anaona ni kitu cha kuchezea.

Zebaki haina mahali jikoni, wala ndani ya kabati wala juu ya etajeri. Ikichomwa inatoa mvuke usio na rangi wala harufu. Mvuke ule unaingia mapafuni, unakwenda kwenye ubongo, na kwa mama mwenye mimba unamfikia mtoto tumboni. Unatua pia juu ya kuta, mbao na nguo, na unaendelea kutoka hapo siku nyingi. Huko Minamata, Japani, sumu ya zebaki ya kiwandani iliingia samaki, samaki wakaliwa, na tangu ugonjwa ulipotambuliwa mwaka 1956 dunia imeona watoto waliozaliwa na viungo vilivyopindika. Ndiyo sababu mkataba wa mataifa juu ya zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013 na kuanza kazi mwaka 2017, unaitwa kwa jina la mji ule.

Kijana, ukirudi toka shimoni, usichomee dhahabu kwenye mbabula ya mama yako. Sufuria ao sahani iliyotumika kwa kazi ile isirudi tena kwenye chakula, hata ikioshwa kwa sabuni na mchanga. Ubao mzuri wa etajeri hautakusaidia ikiwa hewa ya jiko ni sumu.

Basi hapa bwana wa Misisi ana haki juu ya kufuli. Lakini kufuli iwe juu ya sanduku dogo, mbali na jiko, kwa petroli, dawa ya panya na soda. Zebaki isiingie nyumbani hata kwa sanduku. Kanuni ni hii: fungia kinachoua, acha karibu kinacholisha.

ULIZO LA TANO: FRANGA, NA UFUNGUO

Tumeona kabati ya juu inakula mbao kama metre carrée 5,2. Etajeri tatu za metre 2, upana sentimita 30, zinakula 1,8 tu. Ni karibu mara tatu chini. Ongeza juu ya kabati bawaba nane, vishikio vinne, kufuli, na siku za fundi. Kabla ya kusema «ndiyo», mwambie fundi akuandikie yote kwenye karatasi: mbao ngapi, misumari na visi kiasi gani, siku ngapi. Fundi mzuri hakasiriki kwa karatasi. Kisha uliza: tofauti hii ya franga ingelipa nini? Minerivali ya mtoto? Dirisha la moshi?

Kuko na jambo la moyo pia. Mfalme Hezekia alipofunguliwa baraka, aliwaonyesha wageni kutoka Babeli kila kitu kilichokuwa katika ghala zake, na nabii akamhuzunikia. Mnajua mwisho wake. Etajeri ya wazi inaweza kuwa duka la kujionyesha: sahani za maua ambazo hazilii kamwe chakula, termosi sita zisizo na chai. Dhahabu ikiingia nyumbani, macho ya kartie yanaingia nayo. Weka wazi kile mnachotumia kila siku. Kingine si lazima kila mtu akihesabu.

Lakini kabati nayo ina kishawishi chake, na ni kikubwa zaidi. Nani atashika ufunguo? Nimeona manyumba ambamo sukari na unga vinafungwa, ufunguo uko mfukoni mwa bwana, na bwana yuko kariyeri juma nzima. Bibi anaomba kwa jirani huku chakula kiko ukutani mwake. Katika nyumba nyingine ufunguo uko shingoni mwa mama, na mtoto wa marehemu ndugu, aliyeletwa kulelewa, ndiye peke yake hajui ndani kuna nini. Mtoto yule anajifunza kila siku kwamba yeye si wa nyumba hiyo. Hamkumwambia kwa mdomo. Kufuli ndiyo inamwambia.

Wengi wetu tunajua kukaa bila kitu. Kuko waliovuka ziwa mwaka 1996 na 1998 wakiwa na sufuria moja kichwani, wakakaa Nyarugusu na Lugufu, na walipoanza kurudishwa kwa meli toka Kigoma mpaka Baraka mwaka 2005, vyombo vyao vyote vilienea ndani ya beseni. Kule kambini jirani alikopa kijiko bila kuomba ufunguo. Tusijenge jiko la matofali halafu tukapoteza kile tulichokuwa nacho chini ya shitingi.

JIBU KWA NDUGU ZETU WA MISISI

Bwana na bibi, kwa kuwa ukuta wenu umefika kwenye dirisha tu, msigombane tena. Mna bahati ambayo mwenye ukuta uliokwisha hana. Fanyeni kama watu wa Lamu: acheni zidaka ndani ya ukuta. Kama ukuta ni wa tofali nzima kwa unene, fundi anaweza kuacha vidaka viwili vya upana wa sentimita 60, vyenye nusu ya unene wa ukuta. Juu ya kila kimoja alaze ubao mgumu unaoingia sentimita 15 kila upande, ili matofali ya juu yashikiliwe. Humo mtaweka vikombe, chumvi na majani ya chai. Havina msumari, havianguki juu ya mtu. Kama ukuta ni mwembamba, wa nusu tofali, muache jambo hilo, utadhoofika.

Halafu etajeri mbili za wazi upande ulio mbali na moto, kwa sahani na sufuria za kila siku. Hiyo ni ya bibi, kwa maana ndiye anayesimama pale tangu asubuhi, na anayesimama pale asikilizwe kwanza. Mkitaka kuzifunika na rido, isikaribie mbabula.

Na kabati ya bwana? Iwepo, lakini isimame chini kwa miguu yake, yenye milango ya wavu, kwa unga, kalanga na ndagala. Kamba mbili ao visi mbili ziifunge ukutani ili isipinduke. Mlango uwe na kitasa cha kuzuia panya, si kufuli ya kuzuia watoto. Kufuli wekeni kwenye lile sanduku dogo la petroli na dawa ya panya, nje ya jiko.

Vijana, ninyi nanyi mna kazi. Siku ya posho hii, kabla ya mpira, kateni miti minne na fito, mkamjengee mama kichanja cha vyombo pale jua linapofika. Wakati mko hapo, pitieni jikoni, mtazame kila chupa, na mumwulize baba: hii ni ya nini, na inafanya nini karibu na chumvi?

Mkae salama majumbani mwenu.